Kujaza begi la ngumi nyumbani: mchanga, maranda au vitambaa?

Kona_ya_Sakina (Arusha)

Wakuu habari za jioni. Nataka begi la ngumi la nyumbani, na fundi wa maturubai amekubali kushona mradi nimpelekee vipimo. Nina kilo 74, napiga ngumi tu, mateke hapana. Nimewaza urefu wa mita 1 na kipenyo cha sm 35.

Ndani nilipanga kuweka mchanga nusu na maranda nusu. Mchanga umebaki wa ujenzi, maranda kwa seremala ni bure. Jirani kaniambia nitajuta, ila hakufafanua. Naomba kujua nijaze nini, kilo ngapi, na nilining'inize wapi: kwenye kenchi ya sebuleni (mbao mbili kwa nne, dari la jipsamu) au kwenye tawi la mparachichi uani?

Mchi_na_Kinu (Arusha)

Mkuu, jirani yako yuko sahihi. Twende kwa hesabu. Begi la kipenyo sm 35 na urefu sm 100 lina ujazo wa lita 96. Lita moja ya mchanga mkavu ina kilo 1.6 hivi, kwa hiyo ukijaza mchanga mtupu unapata kilo 150 na ushee. Hiyo ni nguzo, siyo begi. Hata nusu kwa nusu na maranda bado uko kwenye kilo 85.

Na uzito siyo tatizo kubwa kuliko yote. Chembe za mchanga hupenya katikati ya maranda. Kila ngumi inalitikisa begi, mchanga unateremka, maranda yanapanda. Ukija kustuka, sm 40 za chini zimekuwa jiwe na juu pamebaki kama mto wa kulalia. Ngumi ya tumbo inatua kwenye jiwe, kifundo cha mkono kinakunjika, mazoezi yameishia hapo.

Jaza vitambaa. Kanuni inayotumika sana ni begi liwe na nusu ya uzito wa mpigaji, au zaidi kidogo kama hutaki liyumbe sana. Kwako ni kilo 35 hadi 40. Vitambaa vilivyoshindiliwa vizuri hutoa kama gramu 350 hadi 420 kwa lita, kwa hiyo lita zako 96 zikijaa sawasawa unafika hapohapo bila kuongeza punje ya mchanga.

Wapi pa kuvipata: mafundi cherehani wana vipande vya vitenge na suti ambavyo wanavitupa au kuvichoma, na wauza mitumba wa masoko yetu ya Krokoni au Kilombero wana nguo zilizochanika ambazo hazina mnunuzi. Andaa zaidi ya unavyodhani. Kiroba kikubwa cha salfeti kilichojaa vitambaa vilegevu kikishindiliwa kinabaki kama theluthi, hivyo viroba vitatu ndiyo mwanzo wa mazungumzo.

Kabla ya kujaza, toa zipu, vifungo, bizimu za mikanda na zile pini za shaba kwenye pembe za mifuko ya jinzi. Vipande vya fundi cherehani vina hatari yake: pini na sindano zilizovunjika. Chukua sumaku ya spika mbovu, tandaza vitambaa sakafuni, pitisha sumaku juu yake mara mbili, geuza, pitisha tena. Jinzi kata kiuno na mishono minene ya pembeni uitupe, maana ndiyo inayotengeneza vinundu. Kila kitu kikate vipande vya sm 10 hadi 20. Fulana nzima au suruali nzima ikiingia inajikunja, inaacha pango pembeni yake, na pango hilo baadaye linakuwa shimo usoni mwa begi.

Satini na vitambaa vya bitana viweke kando. Vinateleza, havishikani, vinashuka. Nguo za gereji zenye oili pia usiguse, harufu haitoki hata mwaka uishe. Vyote vikae juani siku mbili kamili. Kitambaa chenye unyevu kikishindiliwa ndani ya turubai hakina pa kupumulia, ukungu unaanzia katikati ambako huwezi kuuona, utausikia kwa pua.

Sasa kushindilia, na hapa ndipo wengi wanakosea. Wanaanza na nguvu zote chini, wanachoka wakifika juu. Inatakiwa kinyume chake. Chini kunakuja kushindiliwa na uzito wa vilivyo juu pamoja na ngumi zako, kwa hiyo theluthi ya chini bonyeza kwa mikono tu. Theluthi ya kati tumia mchi wa kinu, mapigo ya wastani. Theluthi ya juu ndiyo upige hasa, mpaka mchi unaruka. Weka tabaka la sm 15, tandaza mpaka pembeni, shindilia kuanzia ukingoni kuelekea katikati, ndipo ulete lingine. Mchi uwe na ncha ya mviringo na uvishwe soksi nzito, vinginevyo unatoboa kitako cha begi kabla hujapiga hata ngumi moja.

Kipimo cha kujua pako sawa: bonyeza ubavu kwa ngumi bila kupiga. Pazame sm 2 hadi 3 halafu parudi. Pasipozama kabisa, umezidisha. Mkono ukiingia mpaka kwenye kifundo, bado.

Pasua_Kusini (Moshi)

Nakubaliana na @Mchi_na_Kinu karibu kote, ila mchanga asiufukuze kabisa. Tatizo lake ni kutembea. Ukifungwa vizuri hautembei.

Tyubu ya pikipiki iliyokufa, kata vipande vya sm 25, funga upande mmoja kwa ukanda wa mpira uliozungushwa mara nyingi, jaza mchanga mkavu uliochekechwa, funga upande wa pili. Kila kipande kinabeba kilo moja hadi moja na nusu. Hivyo vinakaa katikati kabisa ya begi, kimoja kwa kila tabaka, na kila upande kuwe na vitambaa visivyopungua sm 12. Vinne au vitano vinatosha. Visikae kwenye theluthi ya chini. Faida yake ni kwa mwenye vitambaa vyepesi, kwa mfano masweta matupu, ambaye begi limejaa na mizani bado inasoma kilo 28.

Tusije tukaweka mchanga kwenye vifuko vya nailoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata ukiwa na ya zamani, inapasuka wiki ya kwanza.

Kwa watu wa huku kwetu wanaouliza kuhusu pumba za mpunga, kwa kuwa Mabogini na Chekereni zimejaa tele: ni nyepesi mno. Begi la lita 96 halifiki hata kilo 15. Zinasagika zikawa vumbi linalotokea kwenye kila mshono, na punje chache zilizobaki ndani zinaita panya. Maranda yana aibu ndogo zaidi, lakini yananyonya unyevu. Masika ya Moshi, Machi mpaka Mei, begi la maranda linaongezeka uzito na kuganda kama tofali. Yakikauka hayarudi kama yalivyokuwa.

Sindano_ya_Gunia (Arusha)

Kaka wa mtaa wa Sakina, mpe fundi vipimo hivi, usimwachie akadirie.

Mwili: kipenyo sm 35 kinataka mzunguko wa sm 110. Ongeza sm 2 kila upande kwa mshono, kata sm 114. Urefu kata sm 112, ili sm 10 za juu zikunjwe ndani kuwa pindo nene la kubeba, na sm 2 za chini ziende kwenye mshono wa kitako. Kitako ni duara la sm 39, safu mbili. Turubai liwe lile zito la pamba la kufunikia lori. Lile jepesi la plastiki la bluu au la rangi ya chungwa halifai hata kidogo, linachanika kwenye matundu ya sindano.

Mzigo usibebwe na mshono wa kitako. Huo ndio msingi. Tafuta mikanda ya usalama ya siti za gari kwa wauza spea chakavu. Unahitaji vipande viwili vya sm 275. Kila kimoja kinashuka ubavu mmoja (sm 100), kinapita chini ya kitako (sm 35), kinapanda ubavu wa pili (sm 100), na kila ncha inabaki na sm 20 za kukunjwa kuwa kitanzi. Vipishane msalaba chini ya kitako. Hapo hata kitako kikiachia, begi halikuangukii. Mkanda mmoja wa gari ukiwa mfupi usiuunge katikati ya ubavu. Unga chini ya kitako, vipishane sm 20, ushonwe kwa mraba wenye X ndani.

Uzi ni wa nailoni, ule wa mafundi viatu. Cherehani ya kawaida ya nguo haiwezi, itaruka mishono kwenye safu nne za turubai na wewe hutaona mpaka siku itakapofumuka.

Juu unahitaji duara la nondo ya mm 10, mzunguko sm 110, lichomelewe na liparwe mpaka lisiwe na kinundu. Livishe tyubu ya baiskeli iliyopasuliwa ili chuma kisile turubai. Vitanzi vinne vinashika duara hilo, na minyororo minne inatoka hapo kwenda kwenye pete moja. Mdomo wa begi ufungwe kwa kamba inayopita kwenye zile pete ndogo za chuma wanazobana kwenye turubai la lori, siyo ushonwe moja kwa moja. Utalifungua zaidi ya mara moja.

La mwisho kwangu: ndani ya turubai zungusha sponji ya godoro ya inchi 1 kabla ya vitambaa. Inafanya uso uwe laini na vinundu visisikike. Kasheshe yake ni kwamba ukianza kushindilia, vitambaa vinaburuta sponji kwenda chini, inajikunja. Dawa: chukua kipande cha zulia la plastiki, kikunje kama bomba, kiingize ndani ya sponji, jaza ndani ya hilo bomba, na kila tabaka likimaliza kushindiliwa livute bomba juu sm 15. Likitoka lote, sponji iko palepale ilipokuwa. Kumbuka tu kwamba sponji imekula nafasi. Lita 96 zinashuka kuwa kama 70, na hapo ndipo mirija ya mchanga ya @Pasua_Kusini inapopata kazi.

Mchi_na_Kinu (Arusha)

Hapo kwenye sponji dada umeniwahi, na mirija ya mchanga ya ndugu yangu @Pasua_Kusini naipokea kwa shingo upande. Ikifungwa kizembe ikafunguka ndani, begi zima linamwagwa chini.

Nguzo_Mbili (Moshi)

Mmeongelea tumbo la begi, hakuna aliyegusa pa kulining'iniza, na hapo ndipo nyumba zinapoharibika.

Begi la kilo 40 likipigwa halivuti kilo 40. Linaruka kidogo kisha linadondokea mnyororo, na wakati huohuo linavuta pembeni. Kadiria mara tatu au nne ya uzito wake. Kenchi ya mbili kwa nne imetengenezwa kubeba bati na upepo, siyo kuvutwa katikati ya mbao ya chini. Misumari inaanza kulegea, jipsamu inapasuka kwenye maungio, na bati zinaanza kuvuja mahali usipopategemea. Dari lenyewe halibebi chochote, hata ukiweka skrubu za mita.

Kama lazima liwe ndani, laza mbao ya mbili kwa sita ikiwa imesimama kwa ubavu, juu ya mbao za chini za kenchi tatu, karibu na ukuta wa kati unaobeba na siyo katikati ya chumba. Ifunge kwa boliti kwenye kila kenchi, siyo misumari. Toboa tundu la kutokea upande wa pili, pitisha boliti yenye jicho inayoingia spana ya 19, weka washa pana na nati mbili juu. Ile ndoano ya skrubu inayozungushwa kwenye mbao kwa mkono ni ya kutundikia taa.

Mparachichi achana nao. Mbao yake ni dhaifu na inavunjika ghafla bila kulia kwanza. Mgrevilea unaopandwa kwenye vihamba (mashamba yanayozunguka nyumba) nao vivyo hivyo, matawi yake hudondoka hata kwa upepo. Mwembe mkubwa unafaa, tawi lenye unene wa sm 20 au zaidi, na uning'inize karibu na shina. Usipige msumari. Zungusha mkanda mpana, chini yake weka kipande cha tairi ili gome lisikatwe, kisha mnyororo ushike mkanda.

Ungeniuliza mimi, ningesema usimamishe nguzo mbili za mkaratusi zilizotibiwa, unene wa sm 15, urefu wa mita 3.5. Chimbia sm 90, mwaga zege, subiri siku saba kabla ya kuzitikisa. Ziachane mita 2.5 ili begi lisigonge. Juu fungia bomba la chuma la inchi 2 na nusu, lile nene la maji, siyo la fenicha. Bomba lifungwe kwenye nguzo kwa boliti zinazopita moja kwa moja, na pembeni kila nguzo iwe na mhimili wa mshazari, kwa sababu begi linasukuma mbele na nyuma kuliko kushuka. Nje unahitaji kifuniko: kipaa cha bati au mfuko wa turubai wa kulivisha usiku. Jua la mchana linakula uzi wa nailoni, mvua inakula kilichobaki.

Urefu: katikati ya begi kuwe usawa wa kifua chako. Kwa begi la mita 1, kitako kinakuwa kama sm 80 kutoka ardhini. Nafasi ya mita 1 na nusu kila upande, usije ukapiga ukuta ukikwepa. Mnyororo wa mm 6 wa kuchomelewa, na kila pete yake ikaguliwe. Mnyororo wa mbwa ni wa mbwa.

Kona_ya_Sakina (Arusha)

Wakuu nimewaelewa, mchanga unarudi kwenye ujenzi. Nina maswali mawili. Moja, likishuka baada ya muda nafanyaje? Mbili, ndugu yangu kaniletea matairi manne ya gari ndogo, anasema niyapange tu, niachane na kushona. Ni kweli?

Sindano_ya_Gunia (Arusha)

Kushuka litashuka, usistuke. Lining'inize siku mbili bila kulipiga, kisha fungua mdomo, utakuta pengo la sm 5 mpaka 10 juu. Jaza, shindilia kwa nguvu. Baada ya wiki tatu za kupiga rudia. Mara ya tatu pengo linakuwa dogo sana, vitambaa vimepata makazi. Hifadhi kiroba kimoja cha vitambaa vilivyokatwa kwa kazi hiyo hiyo. Watu wanagawa vilivyobaki halafu wiki ya tatu wanachomeka gazeti. Gazeti linageuka kuwa unga.

Likiegemea upande mmoja, sababu huwa ni mbili tu. Ama minyororo minne haina idadi sawa ya pete, ama tabaka mojawapo lilirundikwa upande. Hesabu pete kwanza, ni rahisi zaidi. Kama ni tabaka, lilaze begi chini, upande uliovimba juu, ulikanyage kwa kisigino ukitembea kuanzia kitako kwenda mdomoni, kisha lisimamishe. Ikishindikana, toa vitambaa mpaka ulifikie tabaka lenyewe. Kulipiga rungu upande uliovimba hakusaidii, kunaukaza zaidi.

Chini kukiwa kugumu kupita kiasi, hakuna dawa ya nje. Mwaga yote, chambua kwa mkono vipande vilivyoshikana, anza upya. Ndiyo maana theluthi ya chini inabonyezwa kwa mikono.

Pasua_Kusini (Moshi)

Matairi yanafanya kazi, ni rahisi na mvua hayaogopi. Yapange moja juu ya lingine, toboa matundu matatu kila tairi, yaunganishe kwa mnyororo au kamba ya katani nene, na toboa mengine chini ili maji yasituame mbu wakazaliana. Ila tairi linarudisha ngumi, halizami kama kitambaa, hivyo ni la mtu aliyefunga bandeji na kuvaa glovu nzito. Kabla ya yote pitisha mkono wenye glovu ya fundi ndani na nje. Tairi lililolika lina nyuzi za waya zinazochomoza, nyembamba kama sindano. Likiwa nazo hata moja, liende kwa wanaotengeneza kandambili.

Mimi ningeyatumia mawili kati ya hayo kwa kitu kingine: tairi moja chini ya begi, limefungwa kwa kamba kutoka kwenye kitako, linazuia begi kuzunguka ovyo ukiwa kwenye mapigo ya haraka. Kwa hiyo mwambie fundi ashone kitanzi kimoja pale mikanda inapopishana chini.

Kona_ya_Sakina (Arusha)

Kitanzi cha chini nimekiongeza kwenye karatasi ya fundi. @Nguzo_Mbili, zile nguzo, upande utakaoingia ardhini nipake nini?

Nguzo_Mbili (Moshi)

Zikiwa zimetibiwa tayari, zile za rangi ya kijani kibichi, ule mkato ulioukata mwenyewe ndio unaotaka dawa, maana dawa ya kiwandani haijafika katikati ya mti. Kwa hiyo usikate upande wa kuchimbia, kata wa juu. Zisizotibiwa paka oili chafu sm 110 za chini, mara tatu, ikauke kila mara, na zege lipande sm 5 juu ya ardhi likiwa na mteremko ili maji yasikae shingoni mwa nguzo. Mchwa wa Moshono mpaka Sakina hawana mchezo na mti mbichi.

Na boliti za bomba uzikaze tena baada ya wiki mbili.